Maji ya Chupa na Maji ya Mfereji

Katika darsa yetu ya usiku wa Jumatano, mwenzetu mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa, alileta suala ambalo halikupata jawabu usiku ule. Mamake amefariki, naye amenuia kumtolea sadaka ya maji mwezi wa Ramadhani: kila siku katoni mbili za chupa ndogo ziwekwe msikitini wakati wa kufuturu, mpaka mwezi uishe. Alipoitaja nia hiyo nyumbani kwake, mwanawe asomaye skuli ya sekondari akamwambia, "Baba, hiyo si sadaka ya maji, hiyo ni sadaka ya plastiki." Baba alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwani mtoto kumkata baba yake maneno namna hiyo si adabu. Lakini hasira zilipotulia, akaona maneno yale hayamwondoki moyoni, akaja akauliza: Je, kijana amesema kweli au amesema upuzi?

Tuliahidi kulijibu suala hili kwa maandishi, kwa kuwa tuliona si la mtu mmoja. Hapana siku hizi arusi, hitma, maulidi wala kikao cha kamati katika mji wetu kisichokuwa na chupa za maji. Mgeni akipewa maji ya bilauri huyatazama kwanza kana kwamba atiliwa sumu, na mwenye nyumba huona haya. Jambo lililoenea kadiri hii yatupasa tulijue lilivyo, tusilifuate kwa kuwa wengine walifuata, wala tusilipinge kwa kuwa ni jipya. Upya wa kitu si aibu yake.

Tuanze na hesabu. Katoni mbili kwa siku thalathini ni katoni 60. Kila katoni ina chupa 24 za nusu lita, basi jumla ni chupa 1,440, na maji yaliyomo ni lita 720. Hebu msomaji atue hapo kidogo. Lita 720 hazijazi hata tangi moja la lita 1,000, lile jeusi tulionalo juu ya kila dari. Na chupa tupu, tukikadiria gramu 15 kwa kila moja, ni zaidi ya kilo 21 za plastiki, zitakazotoka katika mlango wa msikiti mmoja, kwa mkono wa mtu mmoja, katika mwezi mmoja. Na watoaji wa sadaka hii, Alhamdulillahi, ni wengi, na misikiti yetu ni mingi.

Ama bei, tuseme chupa ya nusu lita yauzwa dukani shilingi 30. Basi lita moja ni shilingi 60, na lita 1,000, kipimo kile ambacho mita ya maji hukihesabu kuwa uniti moja, ni shilingi 60,000. Mtu na atazame karatasi yake ya malipo ya maji aone uniti moja alitozwa kiasi gani. Hata tukiikadiria kwa shilingi 200, maji ya chupa yatakuwa yameyazidi ya mfereji kwa bei mara 300. Na hata maskini anunuaye mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni kwa shilingi 30, ambaye sote twamhurumia kwa kulipa sana, hulipa shilingi 1,500 kwa lita elfu. Hakuna chakula wala kinywaji kingine ambacho twakubali kukinunua kwa bei mara 300 ya bei yake ya asili, nasi twatabasamu na kushukuru.

Msomaji atasema: Mwanunua usalama, hamnunui maji. Jawabu hili lina haki, wala hatutaki kulipita kwa haraka kama wafanyavyo watu wanaohubiri mazingira hali wao wana maji nyumbani usiku na mchana. Basi na tuyafuate maji yetu tangu yanakotoka.

Maji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Kisiwa hiki hakina mto wa maji matamu. Wazee wetu waliishi kwa visima, mabirika ya kukingia mvua, na wachukuzi wa maji waliopita mitaani wakiuza. Katika miaka ya 1950 ndipo lilipolazwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo ni vya mawe ya volkano yenye vitundu kama sifongo. Maji huzama, hupita chini kwa chini akichujwa na yale mawe, kisha hufoka Mzima hali yakiwa safi hata mtu aona viboko wakitembea chini yake. Kutoka huko huteremka wenyewe kuja pwani, kwa kuwa huko ni juu na huku ni chini. Maji mengine hutoka chemchemi za Marere katika Shimba, mengine visima vya Tiwi, na mengine Baricho kando ya mto Sabaki, ambako hupandishwa kwa mashine za umeme. Umeme ukikatika, mifereji hukauka.

Asili ya maji yetu, basi, si mbovu. Ubovu huyaingilia safarini, tena khasa katika safari ya mwisho, ya mitaani. Na sababu yake wengi hawaijui, japokuwa yafaa kila mwenye nyumba aijue. Bomba lililojaa maji wakati wote lina nguvu ya kusukuma nje. Likiwa na ufa, maji matamu huvuja kutoka ndani, na uchafu wa nje hauwezi kuingia. Lakini mji wetu una watu wengi kuliko maji yanayoufikia, kwa hivyo maji hugawanywa kwa zamu: mtaa huu leo, mtaa ule keshokutwa. Siku ambayo bomba ni tupu, nguvu ile haiko. Bali huwa kinyume chake, bomba hunyonya. Na kama ufa ule uko karibu na shimo la choo au mtaro wa maji machafu, hunyonya kilicho hapo. Zamu ikirudi, maji ya kwanza yatokayo huwa yameukokota uchafu huo mpaka ndani ya tangi. Mtu huona maji ya rangi ya chai dakika chache, kisha yakawa meupe, akadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havina rangi.

Kisha liko tangi lenyewe. Tumeona matangi ya nyumba, na ya misikiti vile vile, ambayo hayakufunguliwa kuoshwa tangu yalipopandishwa juu, mengine hayana kifuniko, na kunguru huja kunywa. Kisha uko mtungi wa mkokoteni, ambao hapana ajuaye jana ulibeba nini. Na kisima cha uani nacho kina shida yake: kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, jiwe lenye vitundu, na choo cha shimo kikichimbwa hatua kumi kutoka kisima, vitu viwili hivyo hujuana chini ya ardhi. Tena kisima kikivutwa sana, bahari huingia, maji yakawa ya chumvi, na chumvi haiondoki kwa kuchemsha.

Kwa hivyo mama ambaye mwanawe mchanga ana tumbo la kuhara, naye akaona bora amnunulie chupa moja dukani kuliko kumnywesha asichokijua, hatumlaumu, bali twamsifu. Wakati wa kipindupindu, kama kile kilichozuka katika nchi yetu tangu Oktoba 2022, chupa iliyofungwa yaweza kuokoa roho. Msafiri, mgonjwa, na mtu aliyefikwa na mafuriko, hawa wana udhuru wao. Maneno yetu ni kwa asiyekuwa na udhuru.

Sasa na tuitazame chupa. Watu wamejitia yakini kwamba kilichofungwa kwa kizibo ni kisafi. Lakini kizibo chatuonyesha kuwa chupa imefungwa tu, hakitwambii imefungwa na nini. Maji mengi ya chupa duniani hayatoki chemchemi iliyochorwa kwenye karatasi yake. Ni maji ya mfereji yaliyochujwa tena. Mwaka 2004 huko Uingereza ilijulikana kuwa maji yaitwayo Dasani, yaliyouzwa kwa bei ya fahari, yalikuwa ni maji ya bomba la mji wa Sidcup karibu na London. Watu walicheka. Lakini haikuchukua muda pakaonekana jambo lisilochekesha: katika kuyatengeneza kiwandani, maji yale yaliingiwa na bromati kupita kiasi kilichoruhusiwa na sheria, kitu ambacho kikizidi huhofiwa kuleta saratani, na chupa karibu nusu milioni zikaondolewa madukani. Maji ya mfereji ya Sidcup yalikuwa salama; yaliharibika kwa kutengenezwa.

Hapa kwetu Shirika la Viwango limewahi kuziondoa sokoni chapa kadhaa za maji ya chupa kwa kutotimiza masharti. Wala si siri kwamba wapo wanaookota chupa tupu, wakazijaza mferejini, wakazifunga na kuziuza stendi ya mabasi. Mnunuzi wa namna hiyo amelipa mara 300 kwa maji yale yale aliyoyakimbia nyumbani.

Ziko pia khabari za wataalamu juu ya chembe za plastiki zenyewe. Mwaka 2018 chupa 259 kutoka nchi mbali mbali zilipimwa katika chuo kikuu cha Fredonia huko Marekani, na katika kila 100 zikaonekana 93 zina chembe za plastiki ndani ya maji. Mnamo Januari 2024 wataalamu wa chuo kikuu cha Columbia, waliotumia kipimo kikali zaidi, walitangaza kwamba katika lita moja ya maji ya chupa walihesabu kwa wastani vipande 240,000, tisa katika kila kumi vikiwa vidogo mno hata havionekani kwa darubini ya kawaida. Je, vipande hivi vyadhuru? Hapa yatupasa kusema kwa uadilifu. Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2019 lilisema kuwa dalili zilizokuwapo hazikutosha kuthibitisha madhara kwa afya ya mwanadamu, na likataka uchunguzi uendelee. Sisi hatutamtisha mtu kwa jambo ambalo wenyewe wenye elimu hawajalikata. Lakini twasema hivi: anayenunua chupa kwa kukimbia kila kitu kigeni katika maji yake, na ajue kwamba chupa nayo ina kigeni chake, na kwamba ikiachwa juani juu ya mkokoteni au ndani ya gari, joto huzidisha kutoka kwa vilivyomo katika plastiki kuingia majini.

Tuje kwenye taka. Chupa hizi hufanywa kwa plastiki itokayo katika mafuta ya petroli. Watafiti wa Pacific Institute ya Marekani walikadiria mwaka 2009 kwamba nguvu itumikayo kutengeneza chupa, kuijaza, kuipoza na kuisafirisha yaweza kufika mara 2,000 ya ile itumikayo kuleta maji yale yale kwa bomba. Taarifa moja ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ilitaja chupa kadiri ya bilioni 600 kwa mwaka mmoja duniani pote. Na plastiki yote iliyopata kufanywa tangu ilipovumbuliwa mpaka mwaka 2015, wataalamu walihesabu kuwa iliyotengenezwa upya baada ya kutupwa ni sehemu 9 tu katika kila 100 ya taka zake. Iliyochomwa ni 12. Iliyobaki, 79, iko majaani au imetapakaa ardhini na baharini.

Watu wa pwani hawahitaji takwimu ili kuliamini hili. Aliyepita Kibarani katika miaka palipokuwa jaa kuu la mji, akaona mlima wa taka ukiteremka mpaka ndani ya mkono wa bahari wa Makupa, amekwisha kusoma. Na aliyekuwa mjini mvua kubwa za Novemba 2023 zilipotufikia aliona mitaro iliyozibwa ikirudisha maji ndani ya maduka, na katika vilivyoizibua alipohesabu hakukosa chupa.

Liko jambo moja dogo ambalo twapenda msomaji alijaribu mwenyewe, kwani tulipolijaribu katika halaka vijana walistaajabu. Twaa chupa tupu, ikate vipande, vitie katika ndoo ya maji ya bahari. Vitazama. Kisha kitie kizibo. Kitaelea. Chupa na kizibo chake si plastiki moja. Ya chupa ni nzito kuliko maji ya bahari, na ya kizibo ni nyepesi. Ndiyo sababu ukitembea ufuoni utaokota vizibo vingi, na chupa zilizofungwa zenye hewa ndani, ukadhani ndizo hizo tu. Chupa zilizo wazi zilijaa maji zikazama, ziko chini, katika mizizi ya mikoko na juu ya matumbawe, mahali ambapo samaki wetu hutaga na sisi hatuoni. Na zile zinazoelea jua huzikausha, zikapasuka, zikawa vipande, na vipande vikawa vumbi. Kasa humeza, samaki humeza. Hazioevu kama kifuu cha nazi. Baba zetu walikunywa kwa kata, na kata ilipochakaa ilitiwa mekoni.

Serikali imefanya la kwake kwa sehemu. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilikatazwa Kenya, kwa adhabu kali ambayo wengi hawakuiamini mpaka walipoona watu wakipelekwa kortini. Na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki ya kutumiwa mara moja haikubaliwi katika mbuga, misitu iliyohifadhiwa na fukwe. Huko Lamu mafundi wakiongozwa na fundi Ali Skanda waliokota plastiki kadiri ya tani 10, wakaunda jahazi zima, wakaliita Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Ni kazi ya kusifiwa, na ufundi ule ni wetu. Ila tani 10 ni nyingi kwa jahazi na ni chache kwa bahari.

Sasa tuliangalie suala la mwenzetu kwa upande wa dini, kwani ndilo alilokuja nalo.

Kumtolea maiti sadaka ya maji ni jambo lenye asili. Imepokewa kwamba Saad bin Ubada alipofiwa na mamake alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, ni sadaka gani iliyo bora, akajibiwa kuwa ni maji. Basi akachimba kisima akakifanya ni cha mamake. Na Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma huko Madina, akawaachia Waislamu wote wateke. Na Zubeda, mke wa Harun al-Rashid, alitoa mali nyingi kupeleka maji Makka, na mfereji wake uliwanufaisha mahujaji karne nyingi baada ya yeye kufa. Na atazame mwenye kutazama: watatu hawa hakuna aliyegawa maji akayamaliza. Wote walifanya njia ya maji, wakayaacha yakiendelea kutoka. Hatusemi kwamba mwenye kumpa mwenye saumu chupa ya maji hapati thawabu. Apata, inshallah, hata kwa tende moja. Lakini suala la mwenzetu lilikuwa juu ya sadaka yenye kumfaa mamake, na chupa hukata kiu ya jioni moja.

Kisha wanazuoni wametufunza kuwa kuondosha kitu cha kuudhi njiani ni tawi la imani, na kwamba anayechafua njia ya watu, kivuli chao na mahali wanapoteka maji hujitakia laana. Chupa 48 za kila jioni, zikitoka msikitini hadi mtaroni, na mtaroni hadi baharini, zaweza vipi kuwa nje ya mafunzo haya? Wala asiseme mtu, "Mimi nimetoa sadaka, kutupa wametupa wao." Aliyeleta ajua zitatupwa.

Na isirafu haiko katika chupa tu. Twaogopa msomaji asije akafikiri kwamba tukiisha kuziondoa chupa tumetakasika. Imepokewa na Anas kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni karibu thuluthi mbili za lita, yaani haitimii hata chupa moja na nusu kati ya hizi ndogo. Iko na hadithi nyingine ya kumkataza Saad bin Abi Waqqas kupita kiasi katika udhu hata akiwa kando ya mto unaopita. Wanazuoni wana maneno juu ya sanadi yake, lakini maana yake haina mgogoro. Sasa mtu na aende katika msikiti wake kabla ya adhuhuri, akinge ndoo chini ya mfereji mmoja hali mwenziwe atawadha kwa desturi yake, kisha aipime. Tulipofanya hivyo katika msikiti wetu ndoo ilipata lita tisa. Lita tisa, katika mji ambao mama hungoja mkokoteni! Tena aliyetawadha alikuwa mmoja wetu katika halaka, nasi hatutamtaja.

Basi lifanywe nini? Kwanza, maji ya nyumbani yaweza kusalimika kwa gharama ndogo. Zamu ya maji ikirudi, ya kwanza yaachiliwe katika ndoo ya kufulia au kuoshea uwanja, yasiingizwe tangini. Tangi lifunikwe, na lioshwe kila baada ya miezi michache. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, si kupashwa moto tu. Au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake, kisha yangojewe nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope huila dawa. Na jambo linaloharibu kazi yote hii ni mkono: maji yaliyochemshwa vizuri, kisha kila mtoto akachovya kikombe chake na vidole vyake, yamerudi yalikotoka. Chombo kiwe na mdomo mwembamba au kiwe na mfereji mdogo chini. Mtungi wa udongo wa bibi zetu, uliofunikwa kwa kawa na kutekwa kwa kata yenye mpini mrefu, ulikuwa na hekima hii kabla ya vitabu kuiandika, na maji yake yalikuwa baridi bila ya umeme. Asiyekuwa na makaa wala dawa, na achukue chupa hizo hizo zisizo na rangi, azijaze maji meupe yasiyo na tope, azilaze juu ya bati juani saa sita, na siku mbili ikiwa kuna mawingu. Mwangaza wa jua huua vijidudu. Hiyo ndiyo khidma njema tuijuayo ya chupa ya plastiki.

Pili, na hili ndilo zito. Kila mwenye uwezo anapohamia kwenye chupa, anaacha kuuliza kuhusu mfereji. Zamani bomba lilipokauka, tajiri na maskini walikwenda pamoja kulalamika. Leo tajiri ana kisima chake, tangi lake na katoni zake. Aliyebaki kungoja mfereji ni mtu ambaye sauti yake haifiki. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haikuandikwa kuwa ni ya chupa. Taarifa ile ya mwaka 2023 tuliyoitaja ilisema kwamba chini ya nusu ya fedha ambazo dunia hutumia kila mwaka kununua maji ya chupa zingetosha kuwafikishia mamia ya milioni ya watu maji safi ya mfereji. Nasi hapa mjini, laiti kila kamati ya msikiti na ya mtaa ingeandika barua yenye tarehe na sahihi kila zamu ikikosekana, na kila bomba linalovuja karibu na mtaro, barua hizo zingekuwa ushahidi. Manung'uniko ya barazani hayana faili.

Jawabu la mwenzetu, kwa hivyo, ni kwamba kijana amekosa katika namna ya kusema, na hakukosa katika alichosema. Tulikaa naye baada ya alasiri tukaifanya hesabu tena. Katoni moja kwa jumla yeye huipata kwa shilingi 450, basi katoni 60 ni shilingi 27,000. Tukamwita fundi wa mabomba. Kwa fedha hizo, na nyongeza kidogo aliyoitoa ndugu yake, imewezekana kuoshwa tangi la msikiti na kulitia kifuniko kipya, kununuliwa chujio la udongo lenye mfereji, na bilauri 100 za bati zisizovunjika. Aliomba abakishiwe katoni nne kwa ajili ya wasafiri wanaoshuka basi magharibi wasiopata nafasi ya kukaa, nasi tukaona ombi hilo lina maana, mradi pipa la kukusanyia chupa zao liwekwe mlangoni na kijana aokotaye chupa za kuuza kwa kilo aje azichukue kila usiku.

Bilauri zahitaji kuoshwa baada ya kila futari kwa maji ya moto na sabuni, na hilo ndilo lililozua mjadala mrefu kuliko yote, kwani kila mtu aliipenda sadaka na hapana aliyependa sinia la vyombo. Mwishowe yule mwanawe alisimama akasema ataziosha yeye na wenziwe watatu. Wataanza usiku wa mwezi mosi. Maji yachemshwe kuanzia saa kumi na moja jioni.